Je, Tanzania inaweza kupunguza ukataji wa misitu bila kudumaza uchumi wa vijijini?

Msomaji wa Sera ameuliza:

Ndugu zangu, nimesoma kwa pamoja nyaraka mbili za Serikali yetu na ninaona zinavutana. Ya kwanza ni ahadi ya Taifa ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, iliyowasilishwa mwaka 2021 chini ya Makubaliano ya Paris, ambayo inalenga kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa iwapo hakuna hatua yoyote ingechukuliwa. Ya pili ni Ajenda 10/30, inayotaka sekta ya kilimo ikue kwa asilimia 10 ifikapo mwaka huohuo. Sehemu kubwa ya gesijoto yetu haitoki viwandani wala kwenye magari, bali kwenye ardhi, misitu inapofyekwa na kuchomwa. Na anayefyeka, mara nyingi, ni mkulima yuleyule ambaye ajenda ya pili inamtaka alime zaidi.

Takwimu ambazo nchi yetu iliwasilisha Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 2002 na 2013 Tanzania Bara ilipoteza wastani wa takribani hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Hata kama kasi hiyo imebadilika tangu wakati huo, si upotevu ambao unaweza kufidiwa kwa miche ya kampeni za kila masika.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza: adui mkubwa wa msitu ni mkaa, kama tunavyoambiwa kila siku, au ni shamba? Nauliza kwa sababu sera nyingi ninazoziona zinamwandama mchoma mkaa na kumwacha mwenye jembe. La pili: mchango wetu katika gesijoto za dunia nzima haufiki hata asilimia moja. Kwa nini basi mwananchi wa kijijini ambaye hajawahi kumiliki pikipiki ndiye aambiwe asiguse msitu? Ninaomba majibu yasiishie kwenye "tupande miti".

Bwana Miti Mstaafu amejibu:

Ndugu Msomaji, nitaanza na swali la kwanza kwa kuwa ndilo nililolifanyia kazi maisha yangu yote.

Mkaa na shamba havifanyi jambo moja. Miti ya miombo ina sifa ambayo watu wa mjini hawaijui: ukikata mti kwa msumeno au shoka kali, ukaacha kisiki kifupi kilichokatwa mshazari ili maji yasituame juu yake, kisiki hicho huchipua. Ndani ya msimu mmoja utakuta machipukizi mengi, na moto wa kiangazi ukizuiwa, baadhi yake yatakuwa miti. Msitu uliovunwa mkaa na kuachwa upumzike hurudi. Mkulima hana haja na kisiki. Anakichoma, anakichimbua, analima juu yake mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, mpaka mizizi inakufa. Kwa hiyo lori la mkaa ndilo linaloonekana barabarani, lakini kinachoufuta msitu kwenye ramani, kwa sehemu kubwa, ni kilimo. Mara nyingi vyote viwili hufuatana: mtu anafyeka ili alime, na magogo anayageuza mkaa ili apate fedha ya mbegu na ya vibarua. Ukimzuia asiuze mkaa hujauokoa msitu ule. Umemfanya ayachome magogo palepale shambani.

Nisieleweke vibaya, uchomaji wetu wa mkaa una upotevu wa kutisha. Tumbi la kawaida, yaani magogo yaliyopangwa chini, yakafunikwa kwa nyasi na udongo kisha yakawashwa, linaweza kumeza kilo tano hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa. Kuni zikiwa mbichi hali ni mbaya zaidi, na mchomaji akipitiwa na usingizi, udongo ukafunguka upande mmoja na hewa ikaingia, asubuhi anakuta majivu. Mchomaji anayejua kazi hukausha magogo kwanza, huyapanga kwa unene na huweka bomba la kutolea moshi. Tofauti ya mavuno huonekana kwa macho. Lakini nani atajisumbua kukausha kuni za msitu ambao si wake, huku akisikiliza kama gari la doria linakuja?

Hapo ndipo penye kiini. Tathmini ya misitu ya Taifa iliyofanyika kati ya 2009 na 2014 ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, sawa na asilimia 55 ya ardhi yake, na karibu nusu ya misitu hiyo imo katika ardhi ya vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga hifadhi ya msitu wake, kuisimamia kwa sheria ndogo, na kubaki na mapato yake. Ni sheria nzuri ambayo nchi nyingi za Afrika hazina. Vijiji vichache tu ndivyo vimeitumia kikamilifu, kwa sababu kupima mipaka, kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi na mpango wa uvunaji kunahitaji fedha na wataalamu ambao halmashauri hazina.

Palipofanyika kazi hiyo tumeona matokeo. Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, mradi uliofadhiliwa na Uswisi ulivisaidia vijiji kutenga sehemu ya msitu wao kwa ajili ya mkaa. Eneo liligawanywa katika vitalu vya meta 50 kwa 50, vikavunwa kwa kurukana mithili ya ubao wa drafti, kwa mzunguko wa miaka 24, na kingo za mito na miteremko mikali vikaachwa bila kuguswa. Mchomaji alilipa ushuru kwa kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji uliamua fedha hiyo ifanye nini. Uliza wanakijiji wa namna hiyo kama watamruhusu mtu afungue shamba ndani ya msitu huo.

Kuhusu marufuku, tuliijaribu. Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa nchini. Bei zilipanda, mama wa nyumbani wakalia, na marufuku yenyewe iliondolewa baada ya muda mfupi sana.

Mchumi Kilimo amejibu:

Ninakubaliana na mzee wangu Bwana Miti kuhusu shamba, ila nina hofu kwamba maelezo yake yanaweza kumfanya mtu adhani kwamba kijiji kikipewa hati ya msitu basi tatizo limekwisha. Shinikizo la ardhi haliondoki kwa hati. Linahamia upande wa pili wa mpaka.

Mfano unaotajwa sana katika mijadala hii ni Brazili, nao unafaa kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2004 Brazili ilipoteza kilometa za mraba 27,772 za msitu wa Amazon; kufikia 2012 upotevu ulishuka hadi 4,571. Katika kipindi hichohicho uzalishaji wa soya ulizidi kukua, kwa hiyo dai kwamba kuokoa msitu ni lazima kuue kilimo halisimami. Walifanyaje? Walitangaza hifadhi nyingi mpya, walitumia setilaiti kutambua maeneo yanayofyekwa ili maofisa wafike mapema, wafanyabiashara wakubwa wa soya walikubaliana mwaka 2006 kutonunua soya ya mashamba mapya ya Amazon, na mwaka 2008 mamlaka ya fedha iliagiza kwamba mkulima wa eneo hilo asipewe mkopo wa benki bila kuonyesha kwamba anafuata sheria za mazingira. Uongozi ulipobadilika na usimamizi kulegezwa, upotevu ulipanda tena hadi zaidi ya kilometa za mraba 13,000 mwaka 2021, kisha ukashuka hadi 6,288 mwaka 2024. Utashi wa kisiasa unaonekana kabisa kwenye takwimu.

Sasa tujiulize ni lipi kati ya hayo linaweza kufanya kazi kwetu. Mfyekaji wa Brazili, kwa sehemu kubwa, ni mfugaji au mkulima mwenye eneo kubwa, anayehitaji benki, anayeuza kwa kampuni chache zinazojulikana, na ambaye shamba lake linaonekana angani kama jeraha. Mfyekaji wetu ana ekari mbili au tatu, hajawahi kuingia benki, na anauza kwa mnunuzi anayepita. Huwezi kumnyima mkopo mtu ambaye hakuwahi kukopeshwa. Setilaiti itakuonyesha vidoa maelfu kwa maelfu. Utatuma doria ngapi?

Jibu la kawaida la wataalamu ni kuongeza tija: mkulima akivuna magunia mengi katika ekari ileile, hatahitaji kufyeka. Jibu hili ni nusu ya ukweli. Zao likiwa la chakula cha nyumbani, ndiyo, mkulima aliyeshiba hupunguza eneo. Zao likiwa la biashara na soko halina kikomo, mbegu bora na bei nzuri humpa sababu na fedha ya kufungua shamba kubwa zaidi. Ruzuku ya mbolea iliyorejeshwa mwaka 2022 ni jambo jema kwa usalama wa chakula, lakini isihesabiwe kuwa sera ya misitu hadi itakapofungamanishwa na mpaka wa msitu unaoheshimiwa. Tija bila mpaka huongeza ufyekaji, na mpaka bila tija huvunjwa usiku.

Ufuta Kusini amejibu:

Mchumi amegusa penyewe. Mimi ninalima mikoa ya kusini, na nitaeleza jinsi mambo yalivyo kwa zao la ufuta, kwa kuwa wengi wanaoandika sera hawajawahi kulishika jembe la palizi.

Ufuta unapenda ardhi mpya. Shamba lililotoka kufyekwa halina magugu mengi, na majivu ya miti iliyochomwa yanalipa rutuba bila kununua chochote. Mche wa ufuta ukiwa mdogo ni dhaifu mno. Magugu yakiutangulia umekwisha. Shamba likifika msimu wa tatu au wa nne, palizi inakuwa mara mbili au mara tatu, na fedha ya vibarua inakula faida yote. Mkulima anafanya hesabu: kufyeka pori jipya kunagharimu nguvu za mara moja, kupalilia shamba kuukuu kunagharimu fedha kila mwaka. Anahama. Si ujinga wala ukaidi, ni hesabu sahihi kwa mtu ambaye ardhi kwake ni bure na kibarua ni ghali.

Kwa hiyo ukitaka nisifyeke, usiniletee semina ya tabianchi. Nisaidie palizi. Jembe la kukokotwa na ng'ombe, mashine ndogo ya kupalilia, mbegu zinazopandwa kwa mstari ili palizi iwe rahisi, na mzunguko na mazao ya jamii ya mikunde kama mbaazi. Hivyo ndivyo vitakavyobadilisha hesabu yangu. Tena mauzo ya ufuta siku hizi yanapitia vyama vya msingi vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hupeleka zao ghalani, hupewa risiti, nalo huuzwa kwa pamoja; maana yake orodha ya wakulima ipo. Mchumi anasema hakuna mahali pa kumkamata mkulima mdogo kisera. Mahali pale pale kwenye ghala ndipo penyewe, iwapo chama kitaamua kutambua mashamba ya wanachama wake na kuwapa nafuu wanaolima eneo lilelile.

Naongeza jambo moja. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayozuia bidhaa zilizotokana na ukataji wa misitu inahusu mazao kama kahawa, kakao, soya, mawese na mbao. Ufuta haumo, mahindi hayamo. Wakulima wa kahawa, ambao wengi wao mashamba yao ni ya tangu enzi za babu zao, ndio watakaosumbuliwa kutafuta vipimo vya mashamba, ilhali zao linalofyeka kwa kweli huku kwetu litapita bila kuulizwa. Hiyo ndiyo sera ya tabianchi iliyoandikwa mbali.

Na kwa upande wa pili, msitu unaweza kulipa. Kilwa kuna vijiji ambavyo mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na vikaanza kuuza mpingo na mbao nyingine kwa bei wanayoipanga wenyewe. Kabla ya hapo gogo la mpingo liliondoka kijijini kwa fedha ya kutupwa. Fedha za msitu zilipoanza kuonekana kwenye miradi ya kijiji, kelele za kutaka msitu ugawiwe mashamba zilipungua. Hazikuisha.

Dada Nishati amejibu:

Nami naomba nilijibu swali la pili la Ndugu Msomaji, kisha niguse jikoni, kwa sababu naona kaka zangu wanazungumzia mashamba tu wakati mijini bado kunahitaji kupikwa.

Ni kweli kwamba hatukuisababisha hali hii. Ndiyo maana hoja ya kumwambia mwanakijiji auhifadhi msitu kwa ajili ya dunia ni hoja dhaifu, na iliwahi kutuumbua. Mwaka 2008 Norwei iliahidi krona milioni 500 kuiandaa Tanzania kwa mpango wa kulipwa kwa kupunguza ukataji wa misitu. Miradi ya majaribio ilifanyika, vijiji vikatenga misitu, mikutano ikaitishwa, watu wakaelezwa kuhusu kaboni, yaani malipo kwa hewa ukaa ambayo msitu huendelea kuihifadhi usipokatwa. Miradi ilipofikia mwisho, soko lililotarajiwa halikuwa limefika, na vijiji vingi vilibaki na mabango ya hifadhi na matumaini yaliyochacha. Hali imebadilika kiasi tangu Serikali ilipotoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimekwisha kupata mabilioni ya shilingi kutokana na kaboni, na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walitangulia muda mrefu kabla yao. Ni habari njema, lakini bei ya kaboni hupandishwa na kushushwa na watu ambao hatutawaona kamwe, na mkataba wa miaka mingi uliosainiwa na kijiji kisicho na mwanasheria ni jambo la kuogopesha. Kaboni iwe kitoweo. Ugali utoke kwingine.

Hoja yenye nguvu zaidi ni maji. Mto Ruvu, unaoitegemeza Dar es Salaam, unapata maji yake kwa sehemu kubwa kutoka milima ya Uluguru. Oktoba 2022 jiji liliingia kwenye mgao wa maji kwa sababu kina cha mto huo kilishuka. Mvua zilichelewa, na hilo si kosa la mkulima wa Uluguru, ila mteremko uliovuliwa miti hauna akiba ya kutoa wakati mvua inapochelewa. Hapa hatulindi msitu kwa ajili ya wazungu. Tunalinda bomba letu wenyewe, na wenye bomba ndio wanaopaswa kumlipa anayekaa mlimani.

Sasa jikoni. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu wengi zilikwisha kuagizwa kuacha kuni na mkaa. Nausifu kwa dhati, kwa sababu moshi unaua wanawake na watoto wetu hata kama kusingekuwa na mti mmoja wa kuokoa. Shida ni namna familia inavyonunua. Mkaa unauzwa kwa kopo, kila siku, kulingana na fedha iliyoko mkononi jioni hiyo. Mtungi wa gesi unadai fedha nyingi kwa mara moja. Kugawa mitungi ya bure kwenye mikutano hakutatui hilo, maana gesi ya kwanza ikiisha mtungi unakuwa kigoda. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo zinatatua, na majiko ya umeme yanayobana matumizi yanatatua zaidi, hasa sasa ambapo Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limekamilika. Jambo la kushangaza ni kwamba bwawa hilo lilihitaji kufyekwa kwa msitu mkubwa ndani ya Selous. Gharama hiyo tumekwisha kuilipa, basi umeme wake ufike jikoni, usiishie kwenye taa na friji.

Msomaji wa Sera ameandika:

Shikamoo Bwana Miti, na nawashukuru nyote. Nimeelewa kwamba swali langu la kwanza lilikuwa na mtego, kwa kuwa mkaa na shamba haviwezi kutenganishwa. Nina jambo moja la kumuuliza mzee: ikiwa mfano wa Kilosa ni mzuri kiasi hicho, kwa nini haukuenea nchi nzima?

Bwana Miti Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Zipo sababu za fedha ambazo nimekwisha kuzitaja, lakini ipo nyingine ambayo haisemwi kwa sauti. Mapato ya kijiji kinachovuna msitu wake chenyewe hayapiti wilayani wala wizarani. Kanuni zilizotolewa mwaka 2019 kuhusu magogo, mbao, nguzo na mkaa, Tangazo la Serikali namba 417, ziliongeza ngazi za idhini juu ya kijiji, na uvunaji wa mkaa katika baadhi ya vijiji vile ulidorora. Mchomaji aliyekuwa akilipa ushuru kwa katibu wa kijiji na kupewa risiti alijikuta anasubiri kikao cha wilaya. Wa kijiji jirani, asiye na mpango wala kibali, hakusubiri kikao chochote. Aliendelea kupakia usiku.

Na wilaya nayo ina lake la kusema. Ofisa misitu mmoja anahudumia vijiji vingi, gari halina mafuta, na bajeti yake inategemea ushuru uleule ambao sisi tunataka ubaki kijijini. Ndiyo maana nimekuwa nikipendekeza kijiji kiilipe halmashauri asilimia fulani iliyoandikwa ndani ya mpango wa uvunaji, na halmashauri nayo ilazimike kutoa huduma ya ukaguzi kwa fedha hiyo. Vipo vijiji vilivyokubaliana hivyo na wilaya zao, na kazi ikaenda. Anayetaka kulifuatilia hili aanze na bajeti ya halmashauri yake mwaka huu: atazame mapato ya misitu yameandikwa kiasi gani, kisha atazame kiasi kilichotengwa kurudi msituni.